Begi la Lita Sitini

Leo nimejianika mbele ya kanisa zima, mchana kweupe, na suruali yangu bado iko kwenye kamba ikitoa ushahidi.

Lakini lazima nianze na Mutwiri. Miaka mitatu iliyopita Mutwiri, anayeuza mabegi ya mitumba kule Laare, aliniambia kwamba mabegi ya wapanda mlima hupimwa kwa lita kwa sababu ni ya kubebea maji. Ati mzungu hulijaza lote pale chini, kisha anakunywa akipanda. Anakunywa, begi linapungua. Akifika kileleni halina kitu, ndiyo maana hushuka akikimbia. Nikaamini. Niliamini kuliko nilivyoamini somo lolote la shule ya jioni, na hiyo shule niliimaliza (cheti kiko sebuleni kando ya kalenda, karibuni mkione).

Msinihukumu haraka. Kazi yangu ni kupima maziwa kituoni, hapa Timau. Ukinitajia lita, naona kitu kinachomwagika. Lita ya kitu kikavu sijawahi kukutana nayo.

Sasa. Mvua ile iliyopita, akina mama wawili wa kanisa letu walienda kuokota kuni, wakafunikwa na ukungu huko msituni. Walipatikana kesho yake, midomo imekuwa ya bluu. Tukaunda kikosi cha dharura. Kiongozi ni Mama Gakii, ambaye aliwabebea wageni mizigo mlimani mpaka magoti yakamgomea. Kikabaki cheo kimoja cha mtunza vifaa, na waliokitaka tulikuwa wawili: mimi, na Gitonga fundi wa baiskeli.

Nilikitaka mpaka nikakiota. Tangu nipate cheti nikiwa na miaka arobaini na moja, hakuna aliyewahi kunipa kazi inayohitaji mtu aliyesoma. Kanisani bado naitwa kusogeza viti.

Mama Gakii akatuambia, "Jumamosi kila mtu akuje na begi amejichagulia mwenyewe. Lita sitini, tayari kwa dharura. Tutatembea nayo mpaka geti ya msitu. Mwenye amechagua na kupanga vizuri, huyo ndiye mtunza vifaa."

Mtihani mwepesi hivi, nikajiambia, nitampita Gitonga nikiwa nimefumba macho.

Nikaenda Laare kwa Mutwiri. Sikuuliza mambo ya mabega wala mgongo. Niliuliza moja tu.

"Halivuji?"

"Hilo? Hata machozi hayapiti."

Lilikuwa na mkanda mpana wa kiunoni, mnene kama godoro la mtoto. Sikuona faida yake (suruali yangu ina mkanda tayari). Nikaukata, nikafungia ndama.

Leo asubuhi nikatandika ndani nailoni nzito, ile ya kufunikia silaji ya ng'ombe, nikaanza kumimina. Mitungi mitatu ya lita ishirini. Nilipima kwa kipimo cha kituo, maana sikutaka Mama Gakii aje kuniambia imepungua nusu. Kagendo, mke wangu, akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba Mwenda, na blanketi utaweka wapi?"

"Begi ni la lita, Kagendo. Blanketi haina lita."

"Na chakula?"

"Mtu wa dharura anahitaji maji kwanza. Tulisoma."

Akanywa chai kidogo. "Mito yote ya hapa inatoka huko juu. Sasa wewe unaupelekea mlima maji?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya fizikia. (Ndugu zangu, mkisikia mtu anamjibu mke wake kwa fizikia, jueni ameshapotea.)

Pikipiki ya maziwa ikanifikisha kanisani, tairi ya nyuma imelala kama chapati. Gitonga alikuwa amefika, na kwaya nzima imekuja kutusindikiza. Begi lake limemkaa mgongoni vizuri, mkanda umefungwa kiunoni, anaruka ruka papo hapo kama mtu anayesubiri kupigiwa filimbi. Nikamhurumia. Nikajua hilo ni tupu.

Kuvaa langu ilibidi nipige magoti kama ngamia, na wanaume wawili wa kwaya wanisimamishe. Niliposimama, nilikuwa mfupi kuliko nilivyotoka nyumbani. Naapa nilipungua inchi nne.

Tukaanza kupanda. Hatua ya kwanza nikaona nyota. Ya tano nikaona marehemu babu, ananipungia. Ya kumi, Mama Gakii akageuka.

"Baba Mwenda, ni nini inacheza huko nyuma?"

Maana begi lilikuwa linasema chubwi, chubwi, kila nikikanyaga.

"Ni vifaa," nikamjibu.

"Na mkanda ya kiuno iko wapi? Hiyo ndiyo hubeba uzito, si mabega."

"Iko na ndama."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupanda. Hatua ya ishirini na mbili (nilikuwa nahesabu, sikuwa na kazi nyingine ya kumpa ubongo) nikasikia kitu kinapasuka taratibu, kama mtu anayefungua barua. Nikadhani ni mgongo. Ilikuwa nailoni.

Maji ya Timau mnayajua. Hayo ya asubuhi yalitoka kwa bomba yakiwa karibu barafu. Yakapita shingoni, yakashuka uti wa mgongo, yakaingia kwenye suruali, yakagawana miguu yote miwili bila upendeleo na kutokea kwenye viatu. Kwaya nzima ikasimama kutazama. Gitonga akaniangalia suruali, kwa sauti ya kumfariji mgonjwa akauliza:

"Mzee, umejikojolea?"

"Hapana," nikasema, meno yanagongana. "Ni vifaa."

Sijui kama mmewahi kusikia sauti nne za kwaya zikicheka kwa mpangilio. Mimi nimesikia. Hata Kagendo, aliyekuja kunishangilia, alijificha nyuma ya leso, ile leso inatetemeka.

Mama Gakii peke yake hakucheka. Aliniona midomo imeanza kuwa ya bluu. Akanivua begi, akanikalisha kwenye gogo, akafungua la kwake, lile kuukuu lenye viraka. Sweta kavu ikatoka, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Soksi. Blanketi jembamba. Thamosi ya chai. Tochi, kamba, filimbi, kisanduku cha dawa. Kila kitu na mahali pake, kizito karibu na mgongo, cha haraka juu. Kwa dakika mbili nilikuwa nimevikwa, nimefungwa, nanyweshwa chai kama mtoto wa juzi. Nikawa mtu wa kwanza kuokolewa na kikosi chetu, kabla hatujafika hata geti.

"Gitonga atatunza vifaa," akasema. Nikaangalia chini. Kile cheo kilikuwa kimeondoka na maji. "Lakini wewe nakuhitaji. Tunataka mtu wa kufanyia mazoezi ya kuokoa, na hakuna mwenye anajua kuwa mgonjwa kama wewe."

Kwa hivyo nina cheo. Kila Jumamosi nitapotea, na wao watanitafuta. Mkitaka kucheka chekeni, ila polepole, maana naandika nikiwa nimelala kifudifudi na Kagendo ananikanda mabega.

Bado kitu kilikuwa kinanisumbua. Tukiteremka nikamsogelea Mama Gakii, nikamuuliza kwa sauti ya chini, Gitonga asisikie.

"Mama Gakii, sasa hizo lita sitini mlikuwa mnajaza nini? Maziwa?"

Akasimama. Akaniangalia kwa huruma, vile mwalimu wangu wa hesabu alivyokuwa akiniangalia.

"Baba Mwenda, lita ni nafasi yenye iko ndani ya begi. Maji ni chupa mbili."