Mashine Iliyonguruma Kwako Ikawa Bubu Kwangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usafi ya Mtaa
(ambaye pia ni kaka wa mke wangu).

Ndugu Mwenyekiti, Shemeji mpendwa,

Nakuandikia kwa heshima zote mbili, ya kiti chako na ya ukwe wetu, ingawa kwa sasa zote zimepungua kidogo. Wiki tatu zilizopita uliniazima mashine yako ya petroli, ile inayofyeka nyasi kwa uzi, ili ukaguzi wa kesho Jumamosi usinikute na uwanja wa aibu. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwako ilinguruma kwa kuvuta kamba mara moja tu, mimi mwenyewe nikishuhudia. Kwangu ni bubu. Nami sikuigusa ila kwa kuiboresha: kabla hata ya kuiwasha, niliufunga mpini wake wote kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka nne, usiteleze mkononi. Fundi wa kweli huanza na mpini. Kwa hiyo ubovu imetoka nao kwako.

2. Nimevuta kamba mpaka bega linataka kuhama. Nimebadilisha plagi. Nimesafisha kichujio cha hewa kwa mswaki (ulikuwa wa mke wangu; hilo ni lalamiko lake, si langu). Kabureta nimeifungua mara tatu juu ya meza ya kulia, na kila nikiifunga inabaki skrubu moja. Sasa ninazo tatu, na hakuna kilichodondoka, jambo linaloonyesha kwamba kiwandani waliweka skrubu kupita kiasi. Naomba Kamati ichunguze. Mpira wa mpini, kwa upande wake, haujalegea hata kidogo.

3. Jirani yangu, fundi wa pikipiki, kila jioni huegemea ukuta na kikombe chake cha chai na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Naomba apigwe marufuku kuegemea, au kunywa chai, au ukuta uongezwe matofali.

4. Nyasi nazo hazina adabu. Naomba Kamati itoe amri kwamba mashine ikiwa kwenye matengenezo, nyasi zisiote. Ikishindikana, uwanja wangu uandikwe kuwa bustani ya mifugo. Kuku wetu aliyepotea wiki ile uliponiazima mashine alitoka humo jana na vifaranga tisa. Ni uwanja gani mwingine mtaani una mafanikio hayo?

5. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema. Dada yako amesema kesho asubuhi, kabla ya ukaguzi, anamwita huyo huyo fundi wa pikipiki. Nami kwa hasira nikaapa mbele ya watoto: fundi akiingia kwenye uwanja huu, mimi natoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa kweli, Shemeji, sitaki kutoka. Napapenda hapa, na dada yako nampenda, hata akinuna kwa sababu ya mswaki. Basi naomba moja kati ya haya: uahirishe ukaguzi hadi mwakani, au umhamishe jirani, au unipe kile chumba unachowekea baiskeli mbovu. Nitakuja na mto wangu na skrubu tatu.

Msalimie mkeo, watoto, na wajumbe wote wa Kamati isipokuwa yule aliyeupiga picha uwanja wangu.

Ni mimi, mpenda usafi anayeonewa,
Shemeji yako.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, dada yako alihitaji kipande cha mpira cha kufungia mkono wa ndoo. Akaubandua wangu, tabaka zote nne. Chini yake palikuwa na swichi ndogo nyekundu, imelala upande wa kuzima. Akaigeuza, akavuta kamba mara moja. Mashine imenguruma bila zile skrubu tatu, kama nilivyosema. Uwanja ameumaliza, jirani amempigia makofi, na sasa dada yako anauliza mimi natoka saa ngapi, maana fundi, anasema, aliingia humu siku ya harusi yetu, miaka kumi na tisa iliyopita, na sanduku lake la nguo.

Nimemjibu kwamba nitatoka nikishamaliza kukusanya majani. Nakusanya polepole.