Bahasha ya Kijani

Jirani aliwahi kumuuliza Katibu, "Hivi wewe hata ndoto unaota kwa rangi ya chama?" Katibu hakuona tusi. Alijibu kuwa mzalendo halali usingizi kabisa, anafumba macho tu.

Asubuhi hiyo redio ya kinyozi ikatangaza kwamba chama chake, Ardhi Yetu, kimeungana na wahafidhina wa Walinzi wa Mila, wenye rangi ya kijani. Miaka tisa Katibu alikuwa akiwaita vibaraka. Hata kwenye benchi hili la kahawa, hakuketi alipoinuka mtu wao mpaka papoe.

"Katibu," kinyozi alianza, "ndoa mmefunga. Mahari katoa nani?"

"Ni mkakati. Hatukuungana nao, wao wamejiunga nasi."

"Ndiyo maana mwenyekiti ni wao, makamu ni wao, ninyi mkapewa kamati ya nyimbo."

Mama Kahawa alikuwa akisuuza vikombe, hakuinua uso. "Mwacheni baba wa watu. Mbuzi akiingia tumboni mwa fisi, lazima aseme ni mkakati."

"Na kofia za chama je?" kinyozi aliuliza.

"Nusu nyekundu yetu, nusu kijani yao," Katibu alisema kwa sauti ya chini.

"Tikiti maji hilo."

Benchi zima lilicheka, isipokuwa fundi viatu. Huyu alikuwa Mlinzi wa Mila tangu ujana wake, na siku ya ushindi kama hiyo aliinamia soli akishona.

"Fundi, mbona huringi?" kinyozi aliuliza.

"Nina swali kwa Katibu. Sasa kijani ni halali?"

"Kwa azimio la halmashauri kuu, ndiyo."

"Basi ile bahasha ya kijani uliyomrudishia dada yangu mwezi wa tatu, leo ungeifungua?"

Katibu aliikumbuka. Aliirudisha mlangoni bila kuifungua, akisema propaganda haivuki kizingiti chake. Jioni yake alikuja kujisifu hapahapa, wakampigia makofi.

"Ilikuwa na nini?"

"Posa. Mwanangu kwa binti yako. Dukani bahasha nyeupe zilikuwa zimekwisha."

Kinyozi akazima redio. Binti wa Katibu hakuwa amemsemesha baba yake zaidi ya salamu tangu mwezi ule wa tatu. Katibu alidhani amenuniwa kwa sababu ya simu aliyokataa kumnunulia.

"Binti yangu anajua?"

"Wanajua wote wawili. Ila mwanangu hakungoja azimio. Kapata kazi mbali, basi lake linaondoka saa nane mchana huu."

"Na wewe ukanyamaza tu?"

"Uliapa mbele ya hawa kwamba Mlinzi wa Mila akikanyaga kwako utammwagia maji ya moto. Mimi miguu ninayo miwili tu, ndugu yangu."

"Mungu akituma heri," Mama Kahawa alisema taratibu, "hachagui bahasha."

Gari la matangazo likapita, likiwaita viongozi wa tawi ofisini wakapokee kofia.

"Unaitwa, Katibu," kinyozi alisema.

Katibu aliweka kikombe chini, kahawa haijaguswa. Ofisi ilikuwa kulia. Akashika kushoto, njia ya nyumbani kwa binti yake, na kabla hajafika kona alikuwa anakimbia.