Kitenzi cha Profesa na Suti ya Mshikizo

Profesa alipomwona fundi cherehani akibishana na mteja mgeni asiyejua Kiswahili kwa ishara za mikono, mpaka mteja akakata tamaa na kuondoka, alijua riziki imegonga hodi. Profesa hakuwa profesa wa chochote. Jina alijipa mwenyewe, na watu walilikubali kwa sababu ya miwani. Alikuwa na ulimi mtamu na shida moja: Jumamosi angekuja mjane mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa akimchumbia kwa simu, naye alibaki na suruali moja tu, yenye kiraka mahali pasipotajwa mbele ya wakwe.

"Mama," alimwambia fundi, "Kiingereza ni kitenzi kimoja tu. Get. Mengine yote ni mapambo."

"Kimoja tu, mwanangu?"

"Ukiamka, get up. Ukipanda basi, get on. Ukiolewa, get married. Ukizeeka, get old. Kuna maisha gani tena nje ya hayo?"

"Na bei yake?"

"Elimu haiuzwi, mama. Wewe nishonee suti."

Fundi alinunua kitambaa kwa akiba aliyoiweka ya kutengeneza cherehani, na moyo ulimuuma, maana cherehani ile ndiyo iliyolisha nyumba yake. Lakini wateja wageni walikuwa wengi mtaani, na kila mmoja alimpita.

Masomo yakaanza. Profesa alitoa maana kwa kijiko, kama mgonjwa anyweshwavyo dawa. Fundi akidhani amemaliza, anaambiwa kitenzi kile kina wajukuu na vitukuu. Hata hivyo alijifunza. Siku moja alimwombea mteja mgeni umri mrefu kwa kumwambia "get old", na mteja alicheka mpaka akaagiza mashati mawili.

Ijumaa alimwuliza mwalimu wake kama wamefika mwisho.

"Imebaki maana moja, mama, kubwa kuliko zote. Nitakupa Jumatatu, nikishapata suti."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Haya, mwanangu. Kesho asubuhi njoo uichukue."

Kesho yake suti ilimkaa Profesa ungedhani alizaliwa nayo. Aliaga kwa adabu zote, akaenda moja kwa moja stendi, alikokuwa ameshatanguliza begi lake. Jumatatu ya kufundisha haikuwamo katika kalenda yake.

Mjane alishuka kwenye basi, mama wa haja, na sanduku mkononi. Profesa alifungua mikono kumpokea. Mkono wa kulia wa koti ulichomoka ukaanguka chini. Akainama kuuokota, na suruali ikaachia nyuma kutoka kiunoni mpaka gotini. Stendi nzima ikacheka.

Fundi, aliyemfuata nyuma nyuma tangu asubuhi, alikuwa amesimama pale pale, sindano na uzi mkononi.

"Usishtuke, mgeni," alimwambia mjane. "Haijachanika. Haijashonwa bado, nimeishikiza tu. Yeye alinibakizia maana, na mimi nikambakizia mishono."

"Maana ya nini?"

"Ya Kiingereza. Ni mwalimu wangu."

"Mwalimu?" Mjane aliweka sanduku chini. "Mimi aliniambia ana kiwanda cha nguo. Nimekuja kuagiza mashuka ya nyumba nzima."

Profesa alijifunika nyuma kwa mkono wa koti.

"Cherehani yako iko wapi, dada?" mjane alimwuliza fundi. "Twende tukaelewane. Na wewe, baba, ndoa sahau. Ila langoni kwangu nataka mtu wa kukaribisha wageni kwa Kiingereza. Suti atakumalizia fundi, nitakukata kwenye mshahara."

Profesa alitazama begi lake, akatazama miguu yake iliyokuwa nje, akakubali.

Ndivyo alivyoingia katika nyumba ya mjane, amevaa suti. Anafungua lango asubuhi, anabeba mizigo, anawaambia wageni "get in, get in", nao wanaingia. Fundi safari hii alipitisha uzi mara mbili, na kila mwisho wa mwezi hupita kuchukua chake.