Mfumo Mpya wa Kompyuta na Shali za Kwaya

Leo nimeaibika kanisani, tena kwa mgongo. Nawaandikia hapa kwenye grupu kwa sababu mbili. Kwanza, picha zitawafikia kabla ya jioni, afadhali mnisikie mimi mwenyewe. Pili, na nyinyi mna mkono wenu katika jambo hili.

Kwa wageni: mimi na Sauda tuna kibanda cha kudarizi Katwe, Kampala. Mimi Mkongo wa Bukavu, yeye Mnubi, Mwislamu aliyezaliwa hapa hapa Uganda, kama baba yake na babu yake. Tunadarizi beji za shule, kanzu na majoho. Sauda anashika mashine na nyuzi. Mimi nashika kompyuta: naandika maneno, napanga herufi, natuma kwenye mashine, mashine inashona yenyewe. Kompyuta ni kuukuu. Programu ya kudarizi tuliwekewa na fundi ambaye siku hizi hapokei simu.

Kwa miezi kadhaa, kila nikiiwasha, kompyuta ilikuwa inaniletea tangazo. Mfumo huu umezeeka. Hautalindwa tena. Hamia mpya. Mnakumbuka nililileta swali hapa: nihamie au nitulie? Mmoja wenu akasema virusi vitaniingilia. Mwingine akasema mashine nzee isipewe mzigo mpya. Mwingine (unajijua) akaniandikia "songa mbele dada" na vidole gumba vitatu. Nikatazama video za kijana mmoja mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni, akisifu rangi mpya na kona za mviringo. Nikajiona nimekuwa mtaalamu.

Sauda hakutaka. Alisema tuna kazi kubwa ya kwaya yangu, shali nyeupe zenye maneno ya dhahabu mgongoni, zinazohitajika Jumapili. Tumalize kwanza, alisema, halafu uchezee kompyuta yako. Hayo yalikuwa maneno ya akili, nakiri. Lakini aliyasema mbele ya mteja wa beji, nami nikaona kama ananifundisha kazi. Nikamjibu mbele ya mteja huyo huyo:

"Sauda, wewe kaa na nyuzi. Kompyuta niachie mimi."

Akaendelea kupanga nyuzi. Nikaona nimeshinda.

Alhamisi nikahamia mfumo mpya. Ijumaa asubuhi kila kitu kikafanya kazi: programu ikafunguka, mashine ikatambulika. Nilitamani Sauda aseme neno ili nimwambie "unaona?" Yeye akaendelea kutia mashine mafuta. Nikaketi, nikaandika maneno ya kwaya, BWANA ASIFIWE, macho yangu yakiwa kwenye vitufe kama kawaida (sijawahi kujifunza kuandika bila kutazama vidole). Nilipoinua macho nilitazama kama mstari uko katikati na kama herufi zimepinda vizuri, zile za mapambo, zenye mikia. Maneno yenyewe sikuyasoma. Nani anayasoma tena maneno aliyoyaandika mwenyewe? Nikatuma. Nikaenda zangu Namuwongo, lilipo kanisa letu, kwenye mazoezi ya kwaya, na Jumamosi pia. Sauda alishona siku zote mbili, akapiga pasi, akakunja shali maandishi yakiwa ndani, akanifungia mzigo.

Leo kanisani tulikuwa na askofu mgeni, Muganda, aliyekuja kututazama kabla kanisa lake halijaamua kama litatusaidia kuezeka paa. Gari lake lilifika mapema. Mama Jolie, kiongozi wetu wa kwaya, akatuharakisha. Tulivaa shali nje, kando ya reli inayopita hapo, kila mtu akijitupia tu mabegani. Mimi nilipangwa wa kwanza kwenye mstari kwa sababu ndimi niliyeleta shali. Kwa hiyo mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu.

Tukaingia tukicheza. Tulipofika mbele tukaelekea madhabahu, tukainama. Hapo ndipo kanisa zima lilipouona mgongo wetu.

Nikasikia kicheko. Nikadhani ni furaha. Nikainama zaidi.

Askofu akamuuliza mkalimani kitu kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa tu. Mkalimani wetu ana tabia moja: akisikia neno la mgeni, analitafsiri. Hapimi. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwake tayari.

"Baba Askofu anauliza, ndizi imetufanyia nini hadi tuisifu."

Ndugu zangu, niligeuka. Nikaona mgongo wa dada aliyekuwa nyuma yangu, halafu wa pili, halafu wa tatu. Dhahabu safi, herufi zenye mikia. BANANA ASIFIWE. Mfumo mpya, kumbe, una akili ya kusahihisha unachoandika kiwe Kiingereza, bila kukuuliza. "Asifiwe" ulikosa la kufananisha nalo, lakini ulikuta "Bwana", haukumjua, ukanisaidia.

Mtauliza: wenzako hawakuona? Waliona. Wengi wetu tulisoma Kifaransa, Kiingereza hatukijui sana. Waliosoma mgongo wa mwenzao walidhani ni Kiganda, kwamba tumewawekea wenyeji neno lao kwa heshima ya mgeni. Mmoja aliniambia baadaye alidhani ni Kiswahili cha Uganda, kwamba tubanane tumsifu Mungu. Naye alikuwa ameanza kubanana.

Mama Jolie akaamuru tugeuze shali ndani nje. Tukageuza palepale mbele ya watu. Upande wa ndani maneno yalionekana vilevile, ila kinyumenyume na nyuzi zikining'inia. Tukaimba hivyo. Askofu alijifunika mdomo kwa leso mpaka mwisho wa wimbo wa pili. Hata hivyo alikula chakula chetu na kuondoka bila kutaja paa.

Mama Jolie hakunifokea. Afadhali angefoka. Alikusanya shali moja moja, akanirudishia mzigo, akasema kwa sauti ya chini:

"Tulikuomba maneno mawili tu, mama."

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi Katwe. Jumapili Sauda hufungua. Alikuwa anadarizi kanzu, mafundi wa jirani wakigonga mabati kama kawaida. Nikamtupia mzigo mezani, nikamuuliza kama hakuona alichokuwa anashona siku mbili nzima.

"Nilidhani ni Kikongo chenu," akasema bila kuinua kichwa.

Nikamtazama. Sauda ameishi na Wakongo tangu utoto. Kila asubuhi wateja wangu wanamsalimia "Bwana asifiwe", naye anacheka na kuwajibu kwa salamu yake. Nikaendelea kumtazama hadi akazima mashine.

"Niliona kwenye shali ya kwanza," akasema. "Nikachukua simu nikupigie. Halafu nikakumbuka ulivyoniambia mbele ya yule mteja. Nikasema, haya, mimi nakaa na nyuzi."

Nilimwambia kwamba watu waliochekwa leo ni akina mama waliojinunulia vitambaa vile wenyewe, si mimi peke yangu. Alisema anajua, na kwamba usiku wa jana hakulala vizuri. Hakuomba msamaha. Mimi niliomba, lakini ombi langu lilitoka kama deni linalolipwa kwa sarafu moja moja, na yeye alilipokea hivyohivyo.

Tulijaribu kufumua. Nyuzi zinatoka, lakini zinaacha matundu kwenye kitambaa cheupe, na ukiitazama shali kwenye mwanga bado unaisoma. Sauda akasema tubandike kipande cha kitenge juu yake, maneno yashonwe upya. Itachukua wiki nzima ya kazi isiyolipwa. Kabla sijaondoka aliniambia atakuja kesho, ila tangu sasa jambo la kibanda litaamuliwa na watu wawili. Nikasema sawa. Akawasha mashine, nami nikawasha kompyuta.

Kile kisahihishaji nimekizima. Kilikuwa kitufe kimoja tu, ndani kabisa ya mipangilio. Sauda aliniuliza kama mfumo wa zamani unaweza kurudishwa. Nikamwambia unaweza. Akauliza kama nitaurudisha. Nikasema tutaamua kesho, yeye na mimi.

Basi nawaomba. Msinitumie picha za ndizi. Wawili mmeshanitumia wakati naandika haya, na mmoja ni yule wa vidole gumba. Na wale ambao bado mnajiuliza kama mfumo mpya una faida: unayo. Kompyuta yangu sasa inawaka haraka sana, na aibu haikawii hata dakika kukufikia.