Mlima wa Mashine Namba Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Aibu. Aibu tupu! Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwa Kontena. Ni mwalimu mkuu mstaafu, kilo mia moja na thelathini, na jina hilo tunamwita akishatoka tu. Daktari amemwagiza apande mlima kila siku, polepole, kwa ajili ya moyo. Mji wetu wote ni tambarare. Mlima uko mmoja, jimuni kwetu: mashine ya kukimbilia namba nne, ile inayojiinua upande wa mbele ukibonyeza kitufe. Na fundi wa mashine ni mimi. Miaka kumi na moja. Funguo za chumba cha mashine naning'iniza kiunoni, nikitembea watu wanasikia.

Saa tatu asubuhi akapanda. Nikaweka kasi ya tatu, mwendo wa bibi harusi, nikainua mlima hadi mwisho. Hatua ya nne mkanda ukaanza kumponyoka miguuni. Akasema nipunguze. Nikamwonyesha skrini: tatu. Akasema mkanda unakimbia. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba skrini inasema tatu na skrini imetengenezwa na wataalamu. Nadhani alitaka kunijibu, ila alikuwa ameshafika kwenye kapu la mataulo.

Bosi akatoka ofisini. Akasema hii ni mara ya tatu. Jumamosi saa nne atapanda yeye mwenyewe. Mkanda ukimkimbia, funguo nampa shemeji.

Shemeji! Mdogo wake mke wangu! Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa, miezi minne iliyopita, ya kupiga deki. Kumbe ana cheti cha umeme. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kimevaa ovaroli niliyokinunulia mwenyewe.

Bila funguo mimi ni nani? Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua ugonjwa. Mota ina nguvu kupita kiasi. Dawa: kuidhoofisha. Nimebana umeme unaoingia, nikajaribu mwenyewe, kilo zangu hamsini na mbili, mkanda ukaenda kwa adabu. Nikapiga mluzi.

Kontena akaja. Mtu jasiri sana yule, au hana kumbukumbu. Tambarare, mkanda ukakwama kana kwamba amekanyaga tope. Mlimani ukakimbia kuliko jana! Mota dhaifu, mkanda una mbio zaidi! Akili imenigomea. Kontena ameondoka amejishika kiuno, hakuniaga.

Jioni nikamweleza mke wangu, alikuwa anamenya viazi. Yeye kazi yake ni hospitali, anasukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu. Akasema wana njia ya mteremko kutoka wodini kwenda eksirei. Mgonjwa mwepesi unamsukuma. Mgonjwa mzito husukumi hata kidogo, unakaza visigino na kumzuia, la sivyo mtafika eksirei wote wawili. Kwa hiyo, akasema, mota yako isifikirie kusukuma, ifikirie kuzuia.

Nilicheka kidogo. Nikamwambia kwake ni mteremko na kwangu ni mlima, asichanganye kupanda na kushuka. Akauliza: haya, mtu anapanda, na mkanda je, unaelekea wapi?

Nikamwambia viazi vinaungua. Vilikuwa bado kwenye beseni.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jaribio la kisayansi, bila binadamu. Nimeazima mifuko miwili ya mchanga kwa wajenzi wa jirani, jumla kilo mia na thelathini, Kontena kamili bila malalamiko yake. Nikaipanga juu ya mkanda, nikainua mlima, nikabonyeza.

Mifuko haitembei. Hili nililiona kwa kuchelewa. Ilishuka taratibu, kwa utulivu mkubwa, wa kwanza ukaanguka na kupasuka, wa pili ukaangukia wa kwanza. Mchanga mpaka ndani ya mota. Nimeuchokoa kwa mswaki mchana kutwa. Shemeji alikuja na ufagio akanisaidia, wala hakucheka. Bora angecheka.

Halafu akachora mstari wa chaki kwenye mkanda. Akamwomba Kontena apande dakika moja tu, ameshika vyuma, naye akatazama saa na kuhesabu mstari unapita mara ngapi. Akasema skrini inaonyesha kasi tuliyoiomba, haionyeshi kasi iliyopo. Mlimani, chini ya uzito wa mzee, mkanda unakwenda saba. Mwenye kuuendesha ni yeye, kila hatua anaukanyagia chini.

Nikamwambia chaki ni uchafu, nikaifuta kwa kitambaa. Akaandika kitu kwenye kijidaftari chake. Mtu anayeandika mambo ya wenzake kila siku hana nia njema.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi!

Nimefunga breki ya baiskeli kwenye gurudumu zito la mota, nikaunganisha kamba, nikajificha nyuma ya ubao wa matangazo. Kontena akapanda. Mkanda ukitaka kukimbia, navuta. Ukitulia, naachia. Dakika kumi nzima! Mzee alitembea mlimani huku akitazama dirishani kama mtu anayepunga upepo. Aliposhuka macho yake yalikuwa na maji. Akaniambia tangu augue hajawahi kupanda kitu chochote bila kuogopa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi mpaka nikamsahau shemeji.

Imefanya kazi kwa sababu mota imeona breki ikaogopa. Mambo ya heshima tu.

Dosari ni moja: mkono. Jioni hii nimeshindwa kuinua kijiko, na kalamu hii naishika kwa mkono wa kushoto. Dosari ya pili ni kwamba breki ilikuwa ya baiskeli ya mke wangu, anayokwendea kazini. Amesema atatembea kwa miguu. Hakuniuliza ni kwa muda gani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sikuweza kukaa nyuma ya ubao tena. Mkono umekufa. Nilikuwa najiuliza nifanyeje, shemeji akaniita pembeni.

Ametengeneza kitu kidogo, saizi ya kiberiti. Kinatazama rola ya nyuma inavyozunguka. Mkanda ukizidi kasi iliyoombwa, kinaiambia mota izuie. Ukipungua, kinaiambia isukume. Amekifunga saa saba, mimi nikiwa nakula. Kontena akapanda mbele yangu. Tatu ya skrini, tatu ya mkanda, laini kabisa.

Kisha akasema: shemeji, mwambie Bosi ni kazi yako. Dada ameniomba. Mimi nitaendelea na deki.

Nikamshukuru. Tukapeana mikono. Nikaenda chooni kufikiri.

Nani duniani anayegawa kitu kama hicho bure? Cheti anacho, akili anayo, funguo anazitamani, halafu anipe mimi sifa? Ni mtego, kipofu angeuona! Kesho kitalipuka Bosi akiwa juu, kwa jina langu. Nilijisikia vibaya hata kuwaza hivyo, lakini mtu aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Kabla ya kufunga jimu nikakitoa. Nikakifunga kwenye leso nikakitumbukiza ndani ya ndoo yake ya deki, ndoo kavu, mimi si mwovu. Nikarudisha breki yangu. Na safari hii nimepata ufumbuzi wa mkono: kamba nimeifunga kwenye mguu wa benchi la vyuma, imekazwa vizuri, ibane muda wote. Nimejaribu kwa kilo zangu hamsini na mbili. Safi!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nitaandika upesi kabla sijabadili mawazo.

Bosi alifika saa nne kamili na viatu vipya. Kilo mia na kumi. Wateja walizunguka, Kontena mbele. Shemeji alikuwa ameegemea ufagio, akanitikisia kichwa kunipa moyo. Nikatoa hotuba fupi kuhusu uzoefu. Bosi akapanda, nikainua mlima.

Dakika ya kwanza, tatu. Dakika ya pili, tatu. Bosi akatabasamu. Nikaanza kuinama kidogo, kwa shukrani.

Ndipo nikasikia harufu. Mpira wa breki, uliobana gurudumu bila kupumzika, ulikuwa unaungua. Moshi ukatoka chini. Mpira ukayeyuka, na kamba ikawa inabana hewa. Mkanda ukamtoroka Bosi. Naye alikimbia, tena kwa umri wake alikimbia vizuri, tai begani, huku akilitaja jina langu na mengine yasiyokuwa yangu. Nikawahi skrini. Tatu! Nikampigia kelele kwamba ni tatu!

Shemeji ndiye aliyerukia kitufe chekundu. Bosi akabaki amepiga magoti, miwani mbali, viganja vimechubuka.

Shemeji akafungua kifuniko kutazama kifaa chake. Mahali patupu. Akainua uso akanitazama. Angenitukana ningejua la kujibu! Akaanza kutafuta, kwenye kabati, kwenye sanduku la spana, akapapasa mpaka chini ya mashine. Ikabidi niseme mwenyewe, mbele ya watu wote, kwamba kiko kwenye ndoo.

Alikirudisha kwa robo saa. Kontena akapanda dakika ishirini, mikono mfukoni.

Bosi akanyoosha kiganja chenye damu. Nikajaribu kufungua funguo kiunoni, vidole vikakataa. Miaka kumi na moja fundo lile halijafunguliwa. Shemeji akapiga magoti akanifungulia. Kontena akageuka akatazama ukuta, kwa adabu.

Nikaambiwa nisirudi. Nimemwaga unga. Kisha nikiwa mlangoni nikasikia shemeji akimsihi Bosi, kwa sauti ya chini, anitafutie chochote. Chochote! Nikaambiwa nije Jumatatu, chumba cha kufulia mataulo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu hakupika wala hakugomba. Aliuliza jambo moja: alikupa, ukakitoa?

Nikasema ndiyo.

Akakaa. Akasema alimsihi mdogo wake siku tatu. Mdogo wake alikuwa na haki ya kukataa, ana mchumba, angependa naye aitwe fundi. Akakubali aendelee na deki kwa sababu dada yake alimwambia: mume wangu, zile funguo zikimtoka, atanyauka. Hayo ndiyo maneno aliyotumia. Atanyauka.

Nikaenda bafuni nikafungua bomba nisisikike. Nimelia kama mtoto. Mtu mmoja alinipenda hivyo na mwingine akakubali kupoteza kwa ajili yangu, nami nikawatilia kitu chao ndani ya ndoo. Sina udhuru. Nimeutafuta udhuru mchana kutwa, sina.

Nilipotoka nikamwambia nimejifunza. Nikaapa. Sitagusa tena kitu nisichokielewa. Akanitazama sana, kisha akaniwekea chai. Nimeandika hapa ili iwe ahadi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Chumba cha kufulia. Hakina dirisha. Mashine mbili za kufua, kubwa, za mlango wa mbele wa kioo. Bosi amesema kazi yangu ni kuweka mataulo, kubonyeza, kungoja na kutoa. Nisifungue hata skrubu moja. Nikasema sawa. Kwa kweli nilisema sawa kwa moyo wote.

Asubuhi nimefua mizigo minne. Kimya. Hakuna anayesikia nikitembea. Saa nne Kontena alipita akanisalimia kwa jina langu na cheo cha zamani, fundi, kisha akajirekebisha. Nilikunja mataulo nikiwa sioni vizuri.

Ila nimeona jambo. Maji yakiisha na ngoma ikisimama, mlango wa hizi mashine haufunguki mpaka dakika tatu zipite. Tatu! Umejifunga tu, bila sababu. Kwa mizigo kumi na miwili hizo ni dakika thelathini na sita kwa siku, zinapotea bure, na hakuna fundi yeyote aliyewahi kuliona hilo. Bosi angejua angefikiria upya mambo mengi.

Shemeji alipochungulia nilimdokeza. Akabadilika rangi. Akasema lile komeo ni la kuzuia mlango usifunguke maji yakiwa bado ndani, tafadhali shemeji, usiliguse, nakuomba.

Wivu. Siku ya kwanza tu na ameshaanza.

Komeo lenyewe limeshikwa na skrubu mbili, na bisibisi ninayo mfukoni. Mzigo unaofuata ni mataulo ya wiki nzima.