Mama Mkwe na Mabano Yaliyohama

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, na aliyeniaibisha ni mama mkwe. (Mtarajiwa. Hilo neno ndilo linaloninyima raha.)

Mnajua niko Stockholm mwaka wa nne, nasomea udaktari wa hesabu. Mama yake Aline, mchumba wangu, haamini kama hiyo ni kazi. Yeye ni Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kwao Burundi, alikuwa fundi cherehani, siku hizi anafanya usafi uwanja wa ndege na anakaa Märsta, kitongoji cha huku. Barua ya posa nimepeleka tangu Pasaka. Jibu lake: "Tutaona." Nasikia humuuliza Aline huyu mtu mzima atamaliza shule lini.

Basi leo nilikuwa na semina chuoni, mlango wazi kwa yeyote. Nikamwalika aje aone kazi ninayofanya. Aline alinionya kuwa mama yake hana simile. Nikajifanya sijasikia.

Kabla ya kuingia nikamweleza kwa lugha ya ushonaji. Chukua mkono wa koti, bitana na mwili wa koti. Ukiunga mkono na bitana kwanza, ndipo ulete mwili, hutapata koti lile lile kama ungeanza na bitana na mwili. Kwenye polinomia za kawaida, zile hesabu za x na y, ukizidisha vitu vitatu, uanze na vipi viwili haijalishi. Kwenye zangu inajalisha, na mabano ndiyo yanayosema uanzie wapi. Akaniambia hilo hata mwanagenzi analijua. (Nikalichukua kama sifa.)

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mama akakaa mbele kabisa, akatoa daftari lake la mafundisho ya Biblia, akawa ananakili kila mstari ninaoandika ubaoni. Nilikuwa nasema Kiingereza, ambacho hakijui, lakini ananakili tu. Nikavimba kichwa. Mwisho wa uthibitisho nikachora kile kisanduku kidogo cha kusema kazi imekwisha. Nilikichora kwa madaha, Mungu anisamehe.

Profesa wangu akauliza kama kuna swali. Mama akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mstari wa nne mabano yako hapa. Wa tano yamehamia kule. Nani kayahamisha?"

Profesa akaniomba nitafsiri. (Wazo la kutafsiri vibaya lilinijia. Nakiri.) Nikatafsiri vilevile. Profesa akasogea ubaoni, akafuata mabano kwa kidole, kisha akasema mama yuko sahihi. Sura nzima ya tasnifu yangu imesimama juu ya mstari huo! Jasho likanitoka hadi soksi zikalowa.

Nikasema mbele ya wote, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili: "Nimeyahamisha mimi. Ni mazoea tu, sikuwa na ruhusa." Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Tukaenda kunywa kahawa, profesa akaniuliza ni wakati gani ningekuwa na ruhusa. Tukachora kwenye karatasi za kufutia mikono. Ndani ya hesabu zangu kuna vitu vichache visivyo na ugomvi na yeyote. Ukivitumia hivyo, mabano yanahama na jibu halibadiliki. Kwa hivyo, uthibitisho unasimama, ila kwa vitu hivyo tu. Ni mdogo kuliko nilivyojigamba, lakini ni wa kweli, na profesa anasema huu ndio wa kuandika. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mama alikuwa pembeni anakula mkate wa mdalasini. Nikamsindikiza hadi stesheni huku nikijua posa imekwenda na maji. Treni ya Märsta ilipofika akanigeukia.

"Mafundi wengi wakikosea wanaficha mshono. Wewe umefumua watu wakiona. Waambie wazee wako waje Jumamosi."

Akapanda, mlango ukafungwa, nikabaki nacheka peke yangu kama chizi.

Sasa natafuta wazee wawili wa kwenda nami Märsta, wenye suti na ulimi mtamu. Atakayecheka hapa, hachaguliwi.