Pwani ya Mgori

Jumatatu, 18 Novemba

Daftari hili la marehemu Sikudhani, mke wangu. Aliandika kurasa mbili za kikundi cha akina mama, akafa. Zilizobaki ni zangu. Mimi darasa la nne, zinanitosha.

Leo nimelima kwa watu tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Nimeapa, mwaka huu kibarua basi. Shamba ninalo, hapo nyuma ya tembe, kaburi la Sikudhani liko pembeni. Mbegu ya alizeti ninayo. Debe moja. Alichagua mwenyewe, punje kwa punje, kabla hajaugua. Nikiipanda siku sawa, navuna, silimi kwa mtu tena. Nikikosea siku, inaungua ardhini, narudi na jembe kwa watu mpaka nife.

Kwa hiyo lazima nijue siku ya mvua. Chediel anajidai anaijua. Yeye ndiye anasoma kipima mvua pale shuleni, anatembea kama vile mvua kaizaa yeye. Na anapita sana kwa Magreth, jirani yangu wa pale mwinukoni, mjane mwenzangu. Anapita kuliko mbuzi.

Jumanne, 19 Novemba

Sikudhani alikulia Tanga kwa shangazi yake. Akarudi huku na wazimu wa bahari. Kila asubuhi lazima redio imsomee mawimbi. Mgori hapa, katikati ya nchi! Mimi bahari sijawahi kuiona. Nilimwambia bora asikilize bei ya alizeti. Alinicheka.

Tangu afe redio ilikuwa bubu. Leo nimeipiga kofi, imeongea. Stesheni moja tu. Mwanamke anasoma: upepo wa kusini mashariki, kilomita arobaini kwa saa, mawimbi mita mbili, watumiaji wa bahari wachukue tahadhari.

Hapo nikapata akili. Mvua inatoka baharini, mwalimu alisema, hilo nililishika. Basi la kutoka pwani linafika Singida siku moja. Upepo hausimami kwenye mizani. Lakini hauna injini. Nimepiga hesabu, siku tatu.

Nimetangaza bombani: Ijumaa upepo mkubwa! Chediel kaniuliza, Alute, mtumbwi umenunua lini na umeupaki wapi? Watu wakacheka. Magreth kajifunika mdomo na khanga. Mabega niliyaona.

Ijumaa, 22 Novemba

Upepo! Saa nne asubuhi! Umeng'oa bati mbili za choo cha Chediel, mwenyewe akiwa ndani. Mungu mkubwa.

Magreth kaja mwenyewe. Kaniuliza, shemeji, na mvua je? Nikamwambia asubiri, kuna watu nashauriana nao.

Jambo moja. Upepo ulikuwa unanuka. Samaki. Kama gunia la dagaa likifunguliwa. Watu wamesema labda kuna mtu kaleta dagaa. Upande ule hakuna mtu. Kuna msitu tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Betri zimekwisha. Nimezitoa, nimezianika juu ya tembe zipate jua. Nimerudi ndani kula ugali na mlenda. Redio inaongea.

Nimetoka nje. Betri mbili, ziko juani, kuku anazidonoa. Nimerudi ndani. Inaongea. Redio nzuri sana hii. Sikudhani alijua kununua vitu.

Yule mwanamke wa redio kasema: maji kujaa Jumatano, saa moja asubuhi. Pwani ya Tanga. Pwani ya Pangani. Pwani ya Mgori. Nimeruka! Wametutaja! Hakuna tena kuhesabu siku za njiani.

Katikati kakohoa. Viwili vya haraka, kimoja cha mwisho. Kikohozi hicho nimelala nacho miezi saba, Sikudhani alipougua. Ugali umenishinda.

Haya. Watu wengi wanakohoa.

Jumapili, 24 Novemba

Nimewangoja watu watoke kanisani. Nimewaambia maji Jumatano, pandeni Jumanne. Chediel kasema hata wingu la kuombea hakuna. Nikamjibu kipima mvua chake kinajua mvua ikishanyesha, na hata bata anajua ikishanyesha. Wamecheka. Upande wangu!

Magreth hakucheka. Kasema, shemeji, tangulia wewe, mimi nitapanda mstari mmoja nione. Mstari mmoja! Mwanamke mgumu huyo. Ndiyo maana nampenda.

Jumanne, 26 Novemba

Asubuhi redio imesema: mtumiaji wa bahari mwenye debe moja anashauriwa kusubiri. Nimefikiri. Wenye debe moja tuko wengi.

Nimepanda lote. Mpaka pembeni ya kaburi. Jua linachoma, lakini udongo wa pale ulikuwa baridi, unashika mkono. Dalili nzuri. Kuku wote wako juu ya tembe tangu mchana. Nimewamwagia pumba, hawashuki. Wajinga.

Jumatano, 27 Novemba

Maji! Saa moja kamili!

Wingu hakuna. Yametoka upande wa kaburi. Yamekuja polepole, kimya, yamefunika shamba lote, yamefika kizingitini. Yakasimama. Kama mtu anayepiga hodi. Halafu yakarudi yalikotoka. Yameacha povu, na gamba moja jeupe kama la konokono. Ukiliweka sikioni linavuma.

Nimepiga kelele za ushindi. Watu wamekuja mbio. Chediel kaja na kipima mvua mkononi. Sifuri! Akazunguka shamba langu. Limelowa mpaka kwenye mpaka, hatua moja mbele ni vumbi. Akapanda mwinukoni kwa Magreth. Huko umelowa mstari mmoja tu, ule aliopanda. Karudi hana rangi. Kavaa kofia yake, kaondoka bila kuaga. Nimemmaliza.

Magreth kachovya kidole, kalamba. Kasema, shemeji, hii ni chumvi.

Nikasema ni Chediel huyo, kamwaga. Kauliza, magunia mangapi? Swali la kijinga.

Jumamosi, 30 Novemba

Shamba jeupe. Linaumiza macho. Nimefukua mbegu moja, ya pili, ya ishirini. Zimekufa zote. Nimetafuna moja. Imekolea chumvi, ungeweza kuuza stendi kama karanga.

Debe lote la Sikudhani.

Nimekaa pale kaburini mpaka kivuli kikanihama. Nimemwomba radhi. Redio ndani ikakohoa.

Magreth kaleta uji. Kasema mstari wake umekufa, lakini mbegu yake nyingine ipo yote, mvua ya kweli ikija atapanda. Kasema niende nikamsaidie kulima, nitakula kwake, na mbegu kidogo atanigawia. Kasema kwa upole. Mimi! Nikalime kwa mtu! Na Chediel apite aone! Uji nimeunywa.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepata akili! Wafugaji wanatafuta chumvi ya ng'ombe kila siku. Mimi nina shamba zima la chumvi. Halitaki mbegu, halitaki mvua, halitaki palizi. Leo nimekwangua madebe matatu. Ng'ombe wa Chediel kakata kamba kaja kulamba. Chediel kamvuta mkia, ng'ombe kagoma. Sijacheka hivyo tangu msiba.

Redio imesema: maji kujaa kesho, saa moja asubuhi, pwani ya Mgori, mita nne. Mita nne! Tembe langu halifiki mita mbili na nusu. Hiyo ni chumvi ya mwaka mzima!

Halafu kaacha kusoma. Kaongea kwa sauti ya kawaida, ile ya kuniita chakula kikiwa tayari. Alute, toka hapo. Nenda kwa Magreth, leo.

Nimekaa chini. Nimefikiria sana.

Nikitoka, chumvi inalindwa na nani? Na nani anataka nitoke? Chediel. Kumbe kafika mpaka kwa marehemu!

Nimeizima redio. Haizimiki. Nimeifunika na debe.

Kesho nasimama kizingitini mapema. Nimeazima ndoo mbili kwa Magreth. Kuku wangu wote nimewakuta huko mwinukoni.